Pesa ya Shangazi na Kikombe cha Wageni

Mkunazini, Mji Mkongwe
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Kwa mwanangu Anselma,

Natanguliza salamu, na pamoja nazo marahaba yangu, ijapokuwa shikamoo yako ya asubuhi ulinipa ukiwa umenipa mgongo, unakunja shuka. Nimeipokea hivyo hivyo. Afya yangu ni njema, isipokuwa magoti, ambayo habari zake unazijua, na macho, ambayo siku hizi yananilazimisha kuandika herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Nakuombea bahari tulivu, na wenyeji wenye subira huko Tanga kwa mama yako mdogo.

Baada ya salamu, naomba radhi kwa kuchelewa. Wakati wa masika uliniuliza swali, umesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi: "Baba, ulikwenda kufanya nini kule?" Sikukujibu. Nilikuambia wali unaungua, nao haukuwa ukiungua. Masika yamepita, kesho unaondoka, na jibu lako bado ninalo mimi. Mtu aliyepanga herufi za chapa kwa maisha yake yote hapaswi kukosa maneno, lakini mbele yako nimeyakosa. Basi nayaweka kwenye karatasi, ambapo nikikosea naweza kukata na kuandika upya bila ya kukutazama usoni.

Umekwenda Tunguu kuwaaga wenzako wa chuo waliobakia huko. Boksi lako liko ngazini, limefungwa kamba kwa fundo la marehemu mama yako. Sitakuambia namna ya kupanga nguo, wala saa ya kufika bandarini. Hayo umenishinda tangu ukiwa mdogo.

Jibu ni hili: nilikwenda kukulipia kodi.

Nadhani unajua sehemu ya habari, lakini uliipata barazani, na barazani habari hupikwa kwa viungo vingi. Niruhusu nikupe yangu, isiyo na viungo. Tangu umalize masomo, kazi haikupatikana, na kosa halikuwa lako. Niliziona barua zako za maombi, na nilisahihisha makosa mawili matatu tu ya herufi. Katika kipindi hicho kaka yako Gaspari, huko hotelini Kiwengwa, alikuwa akikutumia kidogo kila mwisho wa mwezi, na kila mara akiongeza ya kutolea ili kisipungue mikononi mwako. Shangazi yako Perpetua naye alikuwa akituma kutoka Dar es Salaam kila akiuza kuku. Siku moja nilikuwa nimekaa chini pale nje, na Hamadi, fundi wa redio, akasema huku anapuliza waya:

"Mzee Simeoni, simu ya binti yako yalia kama duka la Darajani. Ngoja serikali imsikie! Ataulizwa, hizi wazipata wapi, na kodi yake i wapi?"

Wenziwe wakacheka. Hamadi alikuwa akitania, nami sikuzaliwa na kipaji cha kutambua utani unaohusu serikali. Mapadri waliotulea shuleni walitufundisha kumpa Kaisari kilicho chake kabla hajanyoosha mkono. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuona umesimama mbele ya hakimu, na kosa lako ni kuwa na shangazi. Asubuhi nilivaa koti langu la kanisani nikaenda ofisi ya mapato.

Dirishani alikuwapo binti wa umri wako, mwenye sauti ya upole. Nilimweleza kwamba mwanangu hana kazi lakini ana kipato, nami nimekuja kutimiza wajibu kwa niaba yake.

"Anauza nini, babu?"

"Hauzi kitu."

"Ameajiriwa na nani?"

"Hakuajiriwa na mtu. Yuko nyumbani, ananipikia."

"Sasa pesa yatoka wapi?"

"Kwa shangazi yake. Na kwa kaka yake mkubwa."

Aliweka kalamu chini. "Wampa kwa kazi gani?"

"Kwa kazi ya kuwa ndugu yao, bibi."

Akacheka, akajizuia kwa adabu. "Babu yangu, kwa ulivyonieleza, hiyo si biashara wala si mshahara. Ni msaada wa jamaa. Na huyo kaka yake, kama mshahara wake wakatwa kodi, basi kodi yake ishatoka hukohuko kazini. Hapa huna la kulipa. Rudi nyumbani ukapumzike."

Ungedhani ningeshukuru nikaondoka. Nami nikasema: "Naomba uniandikie."

"Nkuandikie nini, babu? Kwamba shangazi ana moyo?"

Foleni nzima ilicheka, na ndipo nilipogeuka nikamwona Hamadi, aliyekuja kwa ajili ya leseni ya kibanda chake. Yaliyofuata unayajua. Uliporudi kutoka sokoni walikuita "Bi Mlipa Kodi" na kukuuliza kama shangazi hajambo. Ulipanda ngazi, ukaweka kikapu, ukaniambia: "Baba, umenianika." Jioni ile ile ulimrudishia Gaspari pesa yake ya mwezi, yote, pamoja na ile ya kutolea.

Nakuomba radhi kwa hilo, Anselma. Sikukuaibisha kwa sababu ya kukuonea haya. Nilikuwa naogopa, na hofu ya mzee huvaa koti na kwenda kusema mbele ya watu.

Gaspari alikuja siku yake ya mapumziko, na shati la hoteli bado mwilini. Nilikuwa chumbani, mlango wazi, nikajifanya nimelala. Hilo nalo niwie radhi.

"We Anselma, pesa yangu ina kidonda?"

"Sitaki kulishwa."

"N'nani anakulisha? Mi nlipokuwa nasomea hoteli, nani alokuwa akinifulia? Nlikulipa?"

"Ile ilikuwa sabuni tu."

"Basi na hii ni sabuni."

Gaspari aliondoka bila ya kula, na samaki aliyokuja naye, changu wa kukaanga kama aliokuwa akimletea mama yenu zamani, alibaki amefunikwa mezani hadi kesho yake. Baadaye ndipo ulipokuja ukasimama kando ya kitanda changu na kusema neno ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike: "Nnakwenda Tanga kutafuta kazi. Sirudi mpaka niwe na changu, na kila mtu nimemrudishia chake."

Neno hilo nililitambua, mwanangu. Lilikuwa langu.

Hujapata kuisikia habari hii kwangu, wala Gaspari hajaisikia. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi Dar es Salaam katika nyumba ya chapa, na nyumba ile ikafungwa. Nilikaa muda mrefu bila ya kazi. Bibi yako, mama yangu, alikuwa Mbweni ya huku kwetu, mjane, akiuza vitumbua. Kila alipopata mtu wa kuvuka alinipelekea pesa ndani ya kitambaa, imefungwa fundo gumu kiasi kwamba nililazimika kulifungua kwa meno, na pesa yenyewe ilinukia samli. Nilikula chakula kwa pesa ile, na kila tonge lilinichoma. Nilijiapiza kwamba sitakanyaga Mbweni mpaka niwe na yote mkononi. Sikukuu zikapita. Watu walinijia na salamu zake: aja lini? Nami nikajibu: mwambieni bado kidogo.

Nilipopata kazi nilijinyima, nikakusanya, nikavuka. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka, alinitazama tu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo hata sasa nikifumba macho naiona. Kabla hajasema, nilimpa bahasha.

"Nini hii, Simeoni?"

"Ni zile zako, mama. Zote zimo."

Alifuta mikono kwa upole katika upindo wa kanga. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kwa mtu usiyemjua vizuri.

"Kumbe nlikuwa nakukopesha," akasema. "Haya. Tumelipana."

Kisha akainuka kutengeneza chai. Katika nyumba ile kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati, kinachoning'inia kwenye msumari karibu na meko. Changu kilikuwa cha buluu, kimebanduka rangi mdomoni. Kilikuwapo pale pale, nilikiona. Mama hakukigusa. Alifungua kabati, akatoa kikombe cha udongo chenye maua na kisahani chake, kile cha padri na cha wageni, akakipangusa vumbi, akanitilia chai.

Nilidhani ananiheshimu. Nilifurahi, mjinga mimi! Nilikaa nimenyoosha mgongo nikanywa kwa kikombe cha padri.

Tangu siku ile, kila nilipokwenda Mbweni, nilipewa kikombe cha maua. Hakunikasirikia hata mara moja. Alinipikia, aliniombea, alikuja kwenye harusi yangu akaimba hadi sauti ikakauka. Lakini hakunituma tena dukani, hakunikemea, hakuniomba nimwinulie ndoo. Nilipokuwa na mke na mtoto ndipo nilipopata ujasiri wa kuuliza.

"Mama, kikombe changu ki wapi?"

"Kipo."

"Mbona hunipi?"

"Wewe u mtu wa kulipa, baba. Mtu wa kulipa hapewi kikombe kilichobanduka."

Alisema kwa utani, na mama yako aliyekuwa kando yangu alicheka. Usiku, njiani kurudi mjini, mama yako hakucheka tena. Aliniambia: "Ulimrudishia pesa, Simeoni. Yeye alikuwa akingoja umrudishie miguu." Alikuwa na maana ya zile sikukuu zilizopita. Bibi yako alifariki kabla sijajua namna ya kulitengeneza jambo lile. Kile kikombe cha buluu tulikikuta ndani ya pipa la mchele, alikuwa akipimia.

Ndiyo sababu nilishindwa kukujibu mlangoni pa jikoni. Nilikuwa nakuona wewe, na mwiko wako, na nyuma yako naiona bahasha.

Sasa, kuhusu pesa utakazotumiwa huko Tanga, kwa kuwa utatumiwa upende usipende. Perpetua ameshaniambia kuku wawili wana jina lako. Sina elimu ya fedha, na niliyoyafanya mimi ni mifano ya kukimbiwa. Unakumbuka nilivyokuambia usimwambie Gaspari kwamba shangazi naye hutuma, ili asipunguze chake? Nilijiona mwerevu. Walipokutana harusini Fuoni wakaambizana, wakacheka wao, nami nikatafuta pa kuutia uso. Hawakuwa na hesabu ya kupunguziana. Hesabu ilikuwa kwangu. Mtu akikuuliza nani mwingine anakusaidia, mwambie.

Mama yako alikuwa na njia yake, na afadhali uifuate hiyo. Ikiingia pesa ya mtu, kwanza huuliza: hii ya nini? Ya dawa ikawa ya dawa hata kama sukari imekwisha. Isiyo na kazi maalumu, aliondoa kwanza ya chakula na ya nyumba, na kidogo akakifunga kwenye pindo la kanga, na pindo hilo halikufunguliwa kwa ajili ya harusi wala sare ya harusi. Kisha, na hili ndilo nililochelewa kulielewa, alimrudishia mtoaji habari. Hakusema asante nyingi. Alisema: "Perpetua, ile imenunua unga na viatu vya Gaspari, na viatu vinambana lakini anaringa navyo." Wifi yake alikuwa akicheka simuni mpaka tunasikia chumba cha pili. Mtu aliyetuma pesa mbali anataka kujua imekwenda wapi, kama anavyotaka kujua mtoto amefika. Nilipokuwa Dar es Salaam mama yangu hakupata kujua kama fundo lake lilikuwa mchele au kodi ya chumba. Nilimnyima habari, kisha nikampa bahasha.

Na kwa kuwa nilikwishaaibika, heri nikupe faida ya aibu ile, maana yule binti wa dirishani alinifuata hadi mlangoni, akanieleza polepole nje ya masikio ya Hamadi. Alisema jina la pesa halitolewi na anayeitoa. Hutolewa na kilichoileta. Shangazi akikupa kwa sababu ni shangazi, huo ni msaada. Lakini mtu akikupa kwa sababu umemfanyia kazi ya siku, au umemwokea keki, hata akisema "chukua, zawadi tu," hiyo ni malipo, na biashara ikianza kuwa biashara ina taratibu zake. Ukianza kuoka kwa kuuza, na ninajua utaanza, kwa sababu hujapata kukaa na unga ukauacha, tenga pesa ya keki na pesa ya ndugu zisikae pamoja, weka risiti, na nenda mwenyewe ofisi ya mapato ya huko ukaulize kabla na si baada. Sheria hubadilika, na Bara huenda wana taratibu nyingine. Usiulize barazani. Ukipata ajira, mwajiri ndiye atakayekata; wewe omba tu karatasi ya mshahara uone kilichokatwa. Na akija mtu mwenye maneno matamu akasema, "Dada, wewe huna kazi, nipitishie pesa zangu kwenye simu yako, nitakuachia kidogo," mwambie baba yako ni mwendawazimu anayeenda kujishitaki mwenyewe ofisini. Kwa hilo, jina nililokupatia mtaani linaweza kukufaa.

Hayo ndiyo yote ninayoyajua kuhusu kodi. Kuhusu kurudi, ninajua zaidi.

Nyumba hii inajiandaa kwa namna isiyonipendeza. Kiti chako tayari kina ukimya. Jana nilimwita mama yako kwa makosa, nikamwambia ashushe nguo mvua inakuja, na ukaitika wewe "Naam, Baba" kutoka juu ya paa, na nguo ulikuwa umeshazishusha. Nimekaa nikifikiri, kuanzia kesho nikikosea jina, hakuna atakayeitika.

Kwa hiyo naomba, wala si amri, kwani kukuamrisha sina tena uso wa kufanya hivyo. Usingoje kuwa na chako. Njoo Krismasi mikono mitupu. Njoo umeazima nauli kwa Gaspari, na uchelewe kumlipa, na agombe, na mle samaki mkigombana. Njoo bila ya kazi, au na kazi mbaya, au umefukuzwa. Nikiwa nimelala, niamshe.

Leo asubuhi ulipotoka nilifungua kabati kutafuta sukari, nikakuta kikombe chako, kile chenye mkono ulioungwa na gundi. Umekiosha vizuri, umekikausha, umekipanga ndani pamoja na vya wageni. Najua hukukusudia neno; ulikuwa unapanga nyumba ili isinisumbue. Nimekitoa. Nimekirudisha msumarini karibu na meko, na sitakipimia mchele.

Barua hii ataichukua Bi Zuhura wa ghorofa ya chini, anayevuka nawe kesho hadi Dar es Salaam, yeye kutazamwa macho, wewe kuunga gari la Tanga. Nimemwomba akupe mkishapita kisiwa cha Chumbe, usiweze kupanda ngazi kuja kubishana nami. Pamoja nayo iko bahasha ndogo: ndani mna masurufu yako ya njia ya Tanga, kutoka kwa Gaspari, kwa Perpetua na kwangu, tumechanganya makusudi ili usijue cha nani ni kipi wala umrudishie nani. Bi Zuhura amesema, "Akikataa, mie ntamrusha baharini yeye na bahasha yake." Atarejea Jumamosi. Sitamuuliza kitu. Nitakaa dirishani, nimtazame akishuka kwenye gari, nione tu kama mikono yake ni mitupu.

Baba yako,
Simeoni